Mari ya Nani?

Shemeji yangu Idefonsi Manirakiza ni mtu wa kujivuna, na nasema hivi huku nampenda. Ndiye aliyemwoa mdogo wangu Selestina, ndiye fundi wa kuchomelea ambaye mageti yake hayalegei, na kwa miaka sita sasa ana mashine ya kuparaza mihogo ambayo akina mama wanatoka hata Nyabusozi kuja kuiona hapa Runazi. Kujivuna kwake kuna chanzo. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi na chungu kimoja na mkeka, na yeye amekulia kwenye shamba la watu, ndani ya nyumba ya watu. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, kabla sijafa nataka kitu kimoja tu chenye jina langu."

Kitu chenyewe kilimjia usingizini. Aliota mtu amempa mgongo, anazungusha mpini, na mihogo inatoka upande wa pili imeparazwa laini. Aliota hivyo mara tatu. Siku ya nne alikata fremu ya baiskeli mbovu, akatoboa bati kwa misumari, akalikunja likawa pipa dogo, na kabla ya Jumapili mashine ikawa inafanya kazi. Mimi mambo ya ndoto siyaamini. Nilimwambia alilala na njaa.

Ila mambo mawili yalinisumbua tangu mwanzo. La kwanza, mpini uko kushoto, na Idefonsi hawezi hata kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. La pili ni maandishi. Aliyachomelea kwa herufi nene juu ya fremu: MARI YA I. MANIRAKIZA. Sasa, huyu ndiye mtu anayewacheka wenzake kanisani wakisema "tusari" badala ya "tusali"! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliyatazama maandishi yale kama mtu aliyekuta nguo ya mgeni imeanikwa kwenye kamba yake.

"Shemeji," akasema, "najua ni L. Mkono ndio ulioandika."

Mwaka huu afisa mmoja alipita, akaiona mashine, akamletea fomu ya kusajili ubunifu. Swali la mwisho lilisema: Je, wewe ndiye mtu wa kwanza kubuni kifaa hiki? Chini yake ndiyo au hapana, kisha sahihi. Idefonsi alinunua kalamu mpya kwa ajili ya swali hilo. Hakuwahi kuitumia kabla Yunusu, muuza mitumba anayezunguka minada ya Biharamulo na Ngara, hajasimama mlangoni pa karakana.

"Fundi, mashine yako nimeikuta Kanazi. Mpini kushoto vilevile."

Idefonsi aliwaka. Wamekuja kwangu, wamepima, wamekwenda kuiga! Aliapa hatajaza fomu mpaka amshike mwizi wake mbele ya shahidi aliyesoma. Shahidi huyo nikawa mimi, na likizo yangu ikaishia njiani.

Tulifika Kanazi saa nne asubuhi, jua limewaka. Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa ya mjane, Mama Kanyange, tukamkuta anapepeta maharage. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatukaribisha viti. Idefonsi alikuwa ameandaa maneno makali tangu stendi. Hakuyasema, kwa sababu mashine ilikuwa pale ukutani mwa jiko na kutu ilikuwa imeila. Mboga ya maboga ilikuwa imepenya katikati yake, ikakauka, na nyingine ikapenya juu ya ile iliyokauka. Kitu kile kilikuwa na umri mkubwa kuliko cha kwetu mara mbili.

Nilifuta vumbi juu ya fremu kwa ncha ya kanga yangu. Zikatokea herufi nene: MARI YA. Baada ya hapo chuma kitupu.

Niliogopa, na sioni haya kusema.

"Ni ya mme wangu, Frednand," alisema yule mama. "Arikufa, huu mwaka wa kumi na tano."

"Alitumia mkono wa kushoto?" nikauliza.

"Hapana. Turimcheka sana kwa huo mpini."

Idefonsi aliuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hakumalizia jina?"

"Arikataa. Arisema, nitaandikaje jina langu na mwenyewe nimemuona? Arimuota, mwanangu. Mtu amempa mgongo."

"Hata mimi nimemwota," Idefonsi akasema. Mama Kanyange akaacha kupepeta, akamtazama shemeji yangu. "Na wewe wako arivaa nini?"

"Koti la kahawia," Idefonsi alisema. "Limechanika begani. Limeshonwa kwa uzi mwekundu."

Mama aliinuka, akaingia ndani, akarudi na koti la marehemu mikononi. Uzi wa begani ulikuwa mwekundu. "Huu niritia mimi," akasema, "uzi wa kahawia urikuwa umeisha."

Jioni tulirudi Runazi. Kesho yake Idefonsi aliwasha grinda, akalifuta jina lake herufi moja moja, mpaka yakabaki MARI YA. Nilimwomba angalau ile R airekebishe. Akakataa. Kisha akachukua fomu na kalamu yake mpya, akatia alama kwenye hapana, akaweka sahihi kwa uangalifu mkubwa. Selestina alilia. Mimi nilimkasirikia waziwazi, maana mtu aliyesubiri jina lake maisha yote anawezaje kulisaga kwa mkono wake mwenyewe?

Wiki iliyopita nilimkuta Selestina kibarazani anashona ovaroli ya mumewe iliyochanika begani. Alitumia uzi wa kijani, ndio uliokuwepo. Idefonsi alikuwa ameketi pembeni, anautazama uzi ule bila kupepesa.

"Ndoto imerudi," akaniambia. "Safari hii mimi ndiye nazungusha. Kuna mtu nyuma yangu, namsikia anapumua."

Nikauliza, "Umegeuka ukamwona?"

"Siwezi kugeuka, shemeji." Akaugusa ule uzi wa kijani. "Lakini nazungusha polepole, aone vizuri."