Siku Ngor Alipokataza Ndege Isiruke

Ngor alikulia Kenya, akajifunza ufundi wa ndege ndogo Nairobi, na mkataba wa amani ya Sudan Kusini ulipotiwa saini akarudi Juba na mama yake na dada yake Akuol, wakapanga nyumba mtaa wa Atlabara. Kwenye uwanja wa ndege wenzake kazini walimtania kwamba anakagua ndege kwa pua. Kabla hajashika spana, huingiza kichwa ndani na kuvuta pumzi. Nairobi aliwahi kuona ndege ikiteketea ingali chini, rubani akiwa ndani. Tangu hapo hakudharau harufu ya petroli wala waya uliochubuka.

Akuol akaolewa, akajifungua binti, damu ikakataa kukatika. Daktari akataka apelekwe Nairobi siku hiyo hiyo. Ndege iliyopatikana ilikuwa moja tu, ya injini moja, mali ya kampuni iliyomwajiri Ngor. Rubani alikuwa Norman, Mganda mpole.

Wakamleta Akuol kwa machela, na mtungi wa oksijeni kando yake. Ngor akaingiza kichwa ndani kama kawaida yake. Petroli. Akamwambia Norman asiguse swichi yoyote, akachomoa betri, akalala chali chini ya dashibodi. Bomba jembamba la petroli lilikuwa na ufa, limelowa. Nyaya zilizopita juu yake zilikuwa zimesuguana hadi shaba inaonekana.

Bona, mume wa Akuol, akachuchumaa mlangoni. "Shemeji, funga na kitu twende."

"Nyaya naweza kufunga. Bomba siwezi, na hapa hakuna lingine."

"Si jana imeruka hivyo hivyo?"

"Imeruka."

"Basi?"

"Cheche moja tu, Bona. Na hiyo oksijeni pale..." Hakumaliza.

Bona akamgeukia rubani. Norman akatikisa kichwa. "Kama fundi anasema hapana, mimi siwezi washa."

Akuol alikuwa macho, midomo imemkauka. "Mwache," alimwambia mumewe. "Ngor akisema imeharibika, imeharibika."

Ikaitwa ndege nyingine kutoka Lokichoggio, upande wa Kenya. Akuol akarudishwa hospitali kuisubiri, na roho yake ikatoka kabla ndege hiyo haijatua.

Msibani Bona hakugomba. Alisema tu, watu wakisikia, "Jana yake iliruka." Ndege ikiungua, kila mtu huona. Isipoungua, fundi hana cha kuonyesha. Bomba jipya lilipofika alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, akapitisha nyaya mbali nalo, ndege ikaruka. Waliopanda hawakujua lolote.

Bona akahamia mtaa wa Gudele na mtoto, na mama akaenda naye ili amlee mjukuu. Jumapili moja Ngor aliwafuata, kabeba maziwa ya kopo. Mama akatoka uani, akarudisha mlango nyuma yake.

"Mwanangu, najua ulifanya sawa," alisema. "Labda wangeungua wote. Najua. Lakini nikikuona wewe, namwona yeye kwenye ile machela. Usije kwanza."

"Hata mtoto nisimwone?"

"Malesh, Ngor, nisamehe. Usije kwanza."

Akapokea maziwa, akaingia. Ndani mtoto alikuwa analia. Ngor alisimama kando ya ua akimsikiliza mpaka akanyamaza, kisha akashika njia ya kurudi Atlabara kwa miguu.