Waliobaki Ndani ya Zimwi

Hadithi ya zimwi niliirithi kwa mama yangu, pamoja na mwisho wake. Zimwi limemeza kijiji kizima. Kijana mmoja analikata kidole cha mguu, na watu wanatoka wakiwa hai, wao na ng'ombe wao. Lakini mama hakuwa mtu wa kupaka mambo asali. Kwake yeye, waliomezwa zamani hawakutoka, walikuwa wameshayeyuka. Kisha kijiji kilichinja lile zimwi na kulila kiangazi kizima, hata mbwa wakanenepa. Sisi watoto tulipiga makofi na kwenda kulala.

Mama alipofariki tulimzika nyumbani, Kisaju, nami nikaendelea kuisimulia hadithi hiyo huku Kitengela, kwenye veranda tunayotumia pamoja na jirani yangu. Wasikilizaji ni watoto wake na binti yangu wa pili, aliyepewa jina la mama. Kwetu Wakamba jina la namna hiyo si pambo. Mimi humwita binti huyo "mama", na baba yangu humwita "mke wangu", akimuuliza kila mara kwa nini chai yake imechelewa.

Jirani ni Mwislamu kutoka Garissa, anauza vitambaa. Jioni moja mtoto wake aliuliza kama aliyelichinja zimwi alisema Bismillahi. Tulicheka, ila mama mtu alilipa swali uzito wake. Alisema zimwi lina meno ya kurarua, kwa hiyo ni haramu. Na hata lingekuwa na kwato, kitu kinachoongea na kukuita kwa jina lako utakitiaje kwenye sufuria? Kisha naye akacheka. Akaongeza kwamba wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa walilijua zimwi lao wakalila likakwisha, sasa zimwi ni nani hapo?

Binti yangu hakuwa amecheka. Aliuliza wale ambao hawakutoka walienda wapi. Nikamjibu haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku, kwamba walikuwa wamegeuka nyama ya zimwi.

"Kwa hivyo wale watu walikula babu na nyanya zao," akasema.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia hiyo ni hadithi tu, aende akanawe miguu. Lakini neno lake halikunitoka. Hadithi hiyo nimeijua tangu sijabadilisha meno, nimeisimulia kwa mbwembwe zote, na sikuwahi kuona kilichokuwa kwenye sahani za wale watu. Nilimtazama akinawa miguu yake myembamba nikamwogopa kidogo.

Tangu jioni hiyo akaacha nyama. Kwangu nyama si ya kila siku, ndiyo maana iliniuma. Jumapili alikuwa akiiokota kwenye mchuzi na kuihamishia sahani ya dada yake. Nikabembeleza, nikagomba. Jibu lake lilikuwa moja: hajui huyo ng'ombe alikula nani. Naye alizidi kukonda.

Ikafika siku ya kumkumbuka mama, mwaka mmoja baada ya mazishi. Hapo lazima niseme kwamba mimi na baba tulikuwa hatusemezani vizuri. Nilitaka kaburi la saruji na vigae, kama la watu wengine. Baba alikataa bila kutoa sababu. Mvua iliponyesha na nyasi kuota juu ya kaburi, aliondoa ua wa miiba uliolizunguka kwa mikono yake akawaruhusu mbuzi waingie. Beberu mmoja wa kahawia karibu ahamie pale. Nililiona jambo hilo dharau kwa mama yangu, na mwaka mzima nilizungumza na baba habari za mvua peke yake. Siku hiyo, mbuzi aliyechinjwa na baba alikuwa yule yule wa kahawia.

Maombi yakaisha, nyama ikaiva. Baba alikata kipande cha ini akampelekea "mke wangu" kabla ya mgeni yeyote. Binti yangu aliweka mikono nyuma.

"Babu, huyu si ndiye alikuwa anakula nyasi ya pale kwa nyanya?"

"Ndiye."

"Sasa si tutakuwa tunakula nyanya?"

Watu waligeuka kututazama, na mchungaji aliyeongoza maombi akiwemo. Niliinuka nimwondoe mtoto kabla hajatuaibisha zaidi, lakini baba alinionyesha kiti. Akafuta kisu taratibu, akamjibu kama mtu mzima mwenzake.

"Yeye mwenyewe ndiye alisema. Aliniambia, usiniwekee simiti. Nimekula mbuzi maisha yangu yote, wacha na wao wanile."

Nilikaa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuufunika mwisho wa hadithi, alikuwa ameupanga wa kwake, na akamwambia baba peke yake kwa sababu alinijua: mimi ningebishana. Nilitazama kaburi, kile kipande cha kijani kisicho na ua, katikati ya mbuga iliyokauka hadi barabara ya Namanga. Nilijawa na hofu, na ndani ya hofu hiyo furaha kubwa ambayo sikuitegemea. Alikuwa ameenea pale pote.

Binti yangu alifikiri sana. Akauliza kama zimwi lilikuwa limewaomba ruhusa wale watu. Baba akasema hapana, liliwachukua tu. Na nyanya? Nyanya alijitoa mwenyewe.

"Na mimi si ndio yeye?"

"Wewe ndio yeye," baba akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote.

"Basi sawa. Nimekubali."

Akachukua ini akala polepole, macho wazi, kama mtu anayesikiliza.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Mimi niliyegomba wiki zote zile, nyama ilinipoa mkononi. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya mchungaji na sikujali. Binti yangu aliniona. Akaja, akamega kipande kilichobaki, akakileta mdomoni kwangu.

"Kula, mtoto wangu," akasema.

Nikala.