Nilimwandika Shemeji Yangu Kuwa Mwekundu

Kosa langu nililiandika kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na akili zangu timamu. Hakuna aliyenilazimisha. Naliungama hapa gazetini kwa sababu wale niliowakosea wameshazikwa, na wajukuu zangu wanadhani mimi ni mzee mwema.

Ilikuwa Tabora, zama za Mwingereza, miaka michache kabla hajafunga virago vyake. Mimi nilikuwa kijana wa misheni. Nilijua Kiingereza kuliko wote kanisani kwetu, na nilihakikisha hakuna asiyejua kwamba nakijua.

Basi akaja Mmarekani. Hakuwa mchungaji. Kwao alikuwa na kiwanda cha sabuni, na alikuwa akizunguka Afrika kutufundisha siasa ya kwao, ambayo kwa maelezo yake Mungu mwenyewe ndiye aliyeitunga. Misheni ikampa nyumba ya wageni, nami nikapewa kazi ya kumfasiria. Watu walimpa jina la Bwana Jitegemee, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni.

Kila alasiri alihutubia uwanjani. Kila mtu asimame kwa miguu yake. Serikali isiingilie maisha ya mtu. Maskini ukimsaidia unamfanya mvivu. Aliyasema hayo akiwa ameketi kwenye kiti alichobebewa na watu wawili, chini ya mwavuli ulioshikwa na wa tatu. Shati lake lilipigwa pasi na mtu, uji wake ulipikwa na mtu, na maji ya kuoga alichotewa na mtu. Gari lake lilipokwama mchangani njia ya Nzega, serikali ile ile isiyotakiwa kuingilia ilipeleka askari sita wakalisukuma. Akawashukuru kwa hotuba ndefu juu ya kujitegemea. Nikafasiri yote, neno kwa neno, jasho likiwatiririka wale askari.

Mkewe alifundisha akina mama. Aliwaambia kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, na mwanamke mwenye heshima haachi nyumba yake kwenda kuhangaika nje. Akina mama walikuwa wametoka kupalilia karanga, majembe wameyaacha mlangoni. Dada yangu mkubwa, Agnesi, akanyoosha mkono.

"Mama, tumesikia. Sasa wewe, huko Amerika, nyumba umemwachia nani?"

Nilimfasiria yule mama hivi: "Anauliza kama watoto wako hawajambo." Akafurahi sana, akatoa picha zao.

Mpaka hapo nilikuwa mjinga tu. Ubaya ulianza siku Bwana Jitegemee aliponivuta pembeni akaniuliza kama Tabora kuna Wekundu.

Kiingereza changu kilikuwa cha Biblia na barua za ofisini. Kwetu mtu mwekundu ni mtu mweupe wa ngozi, basi. Nikamwambia wapo. Nikamtajia Mwarabu mmoja mwenye duka la nguo, na watoto wake saba, na mpiga kinanda wa kanisani kwetu. Akawaandika wote kwenye daftari lake, uso umemkauka. Ilinichukua siku mbili kumfafanulia hadi akawafuta, na mpiga kinanda nina hakika hakumfuta.

Ndipo akanieleza. Wekundu ni Wakomunisti, watu wanaotaka mali iwe ya wote. Wanakutana, wanachangishana, na wanamchukia Mungu. Wako kila mahali, alisema, na dalili yao kubwa ni kwamba hawaonekani.

Kukutana na kuchangishana nilikujua, maana Unyamwezi nzima ndivyo tulivyolima na ndivyo tulivyozikana. Wa kumchukia Mungu sikumjua hata mmoja.

Lakini nilimjua Mihayo, mume wa dada Agnesi. Alikuwa mpima mizani kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja aliyenunua karanga za wakulima. Kwa kuwa mizani aliishika mwenyewe, alijua jinsi wakulima walivyopunjwa. Akawakusanya watu wa vijiji vitatu, wakawa wanakutana kila Jumapili baada ya ibada kupanga namna ya kuuza pamoja. Mkutano ulifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Katikati walibishania magunia.

Mihayo alikuwa na ulimi wa utani, na shemeji kutaniwa ni kawaida. Siku moja, mbele ya umati, aliniuliza, "Shemeji, huyo bwana akipiga chafya nayo unaifasiri?" Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevaa koti kuukuu la Mmarekani, na nilijiona mkubwa mno kwa utani.

Wiki hiyo hiyo Bwana Jitegemee aliniita barazani.

"Ningependa kukupeleka chuo, Amerika," alisema. "Kijana kama wewe asipotee huku. Lakini lazima nijue uko upande gani."

"Niko upande wako, bwana."

"Kila mtu husema hivyo. Niandikie jina. Moja tu linatosha."

Akaniachia karatasi na kalamu, akaingia ndani kunywa chai.

Ndugu msomaji, usidhani nilihangaika sana. Nilimwona ng'ombe mmoja akivuka uwanja, nikangoja hadi alipofika ng'ambo, kisha nikaandika: Mihayo. Nikaandika kijiji, kazi yake, na siku ya mikutano. Halafu nikaona jina tupu ni kitu kidogo kwa safari ya kwenda Amerika, nikaongeza kwamba anafundisha watu kuwa ardhi na mavuno ni mali ya wote. Hakuwahi kusema hivyo. Alisema magunia yawekwe ghala moja.

Karatasi ilifika kwa ofisa mmoja wa serikali. Huyo Wamarekani hakuwapenda, ila chama cha wakulima alikichukia zaidi. Kabla ya mwezi kwisha mikutano ilipigwa marufuku. Yule mfanyabiashara akamfukuza Mihayo na kuweka mpima mizani mwingine, na karanga za watu zikaanza tena kuwa nyepesi. Hakuna aliyetaka kumwajiri mtu aliyeandikwa. Akauza baiskeli, akamchukua dada yangu na watoto, wakahamia Ziba kwa wajomba zake kuchunga ng'ombe wa watu.

Nilijificha nyuma ya ukuta wa kanisa nisiwaone wakiondoka.

Nikaenda kwa Bwana Jitegemee kuuliza habari za chuo. Alikuwa na daftari mapajani.

"Yale maneno ya mikutanoni uliyajuaje?" aliuliza.

"Nilihudhuria, bwana. Mara mbili."

"Ulihudhuria." Akaandika. "Na huyu Mihayo ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

Akaandika tena, taratibu. "Umewahi kula nyumbani kwake?"

Nikacheka. Nikamwambia kwetu huwezi kufika kwa dada yako ukaondoka bila kula. Hakucheka. Nikaanza kujieleza kwamba mikutano ile haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa ya magunia na sala tu. Akaniuliza sasa mbona niliandika vingine. Jina langu likaingia chini ya la Mihayo, na kesho yake mchungaji akaniambia misheni haina tena kazi kwangu. Mmarekani na mkewe wakaondoka kwa gari moshi. Mizigo yao ilibebwa na watu wanane, na kwenye behewa mkewe alitupungia kitambaa.

Nilikaa miaka miwili bila kwenda Ziba. Siku niliyokwenda nilimkuta dada Agnesi uani, anachambua mtama. Amekonda, nywele zimeingia mvi.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Akaendelea kuchambua. Nikarudia. Mihayo akatoka ndani na kiti, akaniwekea.

"Kaa, shemeji," alisema. "Kama ulitaka majina ungeniuliza mimi. Majina ya wenzetu tulikuwa tunayasoma kwa sauti mkutanoni kila Jumapili, na lako lilikuwemo."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yananiuma mpaka leo. Nikapiga magoti nikaungama mbele yao wote wawili. Mihayo akaniinua. Dada akaleta chakula, akakiweka mbele yangu, akageuka akaenda zake. Kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wake nilimwamkia kila nilipofika, na alinipa chakula kila nilipofika. Marahaba hakunipa hata mara moja, hadi akafa.

Nawaambia ninyi mnaosoma, hasa vijana mliosoma na mnapenda kusikilizwa na wakubwa. Atakuja mtu mwenye maneno matamu juu ya uhuru wako. Msikilize, mfasirie ukitaka. Lakini siku atakayokuwekea karatasi na kukuomba jina la mwenzako, mrudishie karatasi yake ikiwa nyeupe, uende nyumbani ukamwamkie dada yako.