Nilioga Samba Mara Moja Tu

Siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu, mama mkwe aliniita uani mbele ya ndugu wa marehemu akaniuliza swali moja.

"Mayu, wewe ulioga samba?"

Huku kwetu hata mama mkwe humwita mkwewe mayu, yaani mama, akitaka kumpa heshima. Siku ile heshima haikuwepo, neno lilitoka kwa mazoea tu. Na samba ni dawa ya mvuto. Msichana akikaribia kuolewa hupelekwa kwa mganga, akaogeshwa maji ya majani na mizizi, ili akipita wanaume wageuze shingo na mahari ije ng'ombe wengi. Wengi wanaoga, na si siri. Lakini wapo wanaoamini kwamba mwanaume aliyevutwa kwa samba hakai na mke kwa hiari yake, na kwamba nguvu zake huliwa polepole mpaka afe. Mume wangu alikufa kwa homa ya siku nne, kabla hajafika miaka arobaini. Walikuwa wanatafuta sababu.

Nilijua kinachonisubiri. Nikisema sikuoga, maneno yataisha. Nikisema nilioga, nitatakiwa kuogeshwa upya na mganga mbele ya ukoo ili dawa itoke. Nikikataa, nitafungasha nirudi Sola kwa baba yangu na watoto nitawaacha.

"Ndiyo, nilioga," nikasema.

Shangazi wa marehemu alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Si hata mimi? Nilioga mara tatu. Na niliyempata mnamjua wote."

Mumewe alikuwa mtu wa kulala kilabuni. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba tuko msibani.

"Shangazi, hapa hatuchezi," akasema shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. "Huyu amekiri mwenyewe."

"Sijakiri, shemeji. Nimejibu."

Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Lakini kuna somo moja nililipata shambani, na siku ile ndilo lililonisaidia. Bwana shamba wa kata yetu alikuwa na shamba la mfano. Mistari kumi ya pamba aliiwekea samadi, mistari kumi mingine akaiacha bila kitu, mbegu ile ile na mvua ile ile. Alitukataza kusifu samadi mpaka tuwe tumeangalia pande zote mbili. "Ukiangalia upande mmoja tu," alisema, "utasifu chochote."

Basi nikaanza kuwahesabia wasichana. Tulioogeshwa pamoja alfajiri ile kando ya mto tulikuwa sita, kutoka chungu kimoja. Mmoja aliolewa Mwandoya akarudishwa kabla ya mavuno. Wawili waliolewa na watu wa kawaida kama wasichana wengine wote. Mmoja alikaa kwao mpaka wadogo zake wakamtangulia. Wa tano alikufa kwa uzazi. Wa sita ni mimi. Kama dawa ile ilikuwa na nguvu ya kumfunga mwanaume miaka kumi na mmoja, mbona ilichagua mmoja kati ya sita?

"Ilikuchagua wewe," shemeji akasema.

"Basi ngoja nikueleze ilivyonichagua."

Nikawaeleza habari ya gulio la pamba. Wakati ule pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Ghala likijaa na gari lisipokuja, mizani ilisimama, na sisi tukabaki palepale na mafurushi yetu kulinda nafasi. Mwaka ule tulikaa siku tisa. Furushi la marehemu, wakati huo kijana asiyenijua, lilikuwa jirani na langu. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya pili aliniambia pamba yangu imechanganyika na fifi, ile chafu ya daraja la chini, nikamwambia aangalie ya kwake. Siku ya tatu tulikaa tunachambua, yeye yangu na mimi ya kwake, tukibishana. Siku ya sita alikwenda kunywa maji, nikajikuta naangalia njia kama atarudi. Mkono ulikuwa unachambua pamba ambayo nilishaichambua.

Binti yangu, ambaye baadaye alisomea uuguzi, aliniambia hayo yana maelezo. Kwamba mtu unayemwona kila siku ubongo huzoea sura yake, ukaanza kuihesabu kuwa ni salama. Kwamba kuna kemikali zinazoingia damuni, moyo ukaenda mbio na viganja vikatoa jasho. Nilimwuliza kama kitabu chake kinasema kwa nini ni huyu na si yule aliyekaa upande wa pili wa furushi langu, maana naye alikuwepo siku zote tisa. Alicheka akasema hapo kitabu kinanyamaza. Nilikipenda zaidi kwa kunyamaza.

Siku hizi biashara huria imeingia, malori ya wanunuzi binafsi yanakuja mpaka mlangoni. Ni nafuu kwa mgongo. Ila vijana hawana tena pa kukaa siku tisa.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. "Lakini ulikuwa umeshaoga," akasema.

"Nilikuwa nimeshaoga, mayu."

Hapo sikuweza kumjibu, na mpaka leo siwezi. Sina mwili mwingine usioogeshwa niuweke kando ya huu, nione kama angeusogelea. Kuna siku nilijiuliza hivyo nikiwa nimelala peke yangu upande wangu wa kitanda. Lakini kutokujua kwangu hakuwapi wao haki ya kunivua nguo. Nikiogeshwa, nitakuwa nimesema kwamba mwanaume yule aliishi nami kama dume la kukokota plau, anavutwa kwa kamba. Nikawaambia, "Mkiniosha mimi, mnamwosha na yeye. Na yeye hayupo kukataa."

Wakamleta mganga hata hivyo, Jumamosi. Alikuja na chungu chake, akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nakata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani, nikaendelea kukata.

"Karibu chakula, mzee," nikamwambia. "Kuoga sitaoga."

Alimtazama mama mkwe. "Asiyetaka simwogeshi. Dawa haishiki." Akala, akashukuru, akaondoka na chungu chake.

"Utatoka hapa," shemeji akasema.

"Nitoe mwenyewe kwa mikono yako, shemeji. Watoto wakiangalia."

Hakunitoa. Alisema tu kwamba hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga shambani kwangu wakati wa palizi, na neno lake alilitimiza. Wenzangu walipaliliwa na ukoo mzima kwa siku moja. Mimi nilipalilia na watoto wangu, na upande mmoja wa shamba magugu yalinishinda kabisa. Mama mkwe alipita njiani mara nyingi bila kunisalimu.

Jirani aliniuliza kwa nini sikuoga tu yaishe. Nilimwambia mume wangu alinipenda kwa akili zake timamu, na shahidi aliyebaki ni mimi peke yangu.