Wiki Niliyokula Maharage

Miaka minne tumbo langu halikunipa nafasi. Gesi, kiungulia mpaka kooni, tumbo limejaa na sijala cha maana. Tegeta nzima ilishanitibu. Mteja akija kuleta kitambaa nimshonee, anaacha na dawa: kunywa maji ya kabichi, acha maharage, acha pilipili, acha ndimu. Niliacha vyote, nikabaki na uji na hasira.

Daktari akanimezesha mpira wenye kamera, kidonda hakukiona. Akaniuliza, "Nyumbani kukoje, dada?" Nikamjia juu. Mie nimekuja na gesi, yeye ananiuliza habari za nyumbani! Niliona kama ananiita chizi.

Nyumbani nilikuwa na mama. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia, na mie ndiye niliyekuwa namwogesha, namgeuza, namvalisha. Kila nikikaa kwenye cherehani, sauti inatoka chumbani: "Mwanangu!" Naitika abee, naenda. Nilimpenda. Na nilichoka, jamani, nilichoka mpaka mifupa.

Mwaka jana dada yangu wa Kiwalani akamchukua kwa wiki moja. Siku ya kwanza nikanywa uji wangu. Siku ya pili nikasema liwalo na liwe, nikapika maharage ya nazi, pilipili mbuzi ndani, ndimu juu. Nikasubiri kuumwa. Wapi! Kesho yake nikala kiporo kwa chapati. Tumbo kimya. Wiki nzima nililala fofofo.

Jumamosi dada akapiga simu: "Tupo njiani, tunamrudisha." Simu bado iko mkononi, kiungulia kikapanda. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikakaa kwenye sakafu nikalia, kwa sababu sasa nililielewa swali la daktari, na sikutaka kulielewa.

Tulimteremsha mama kwenye bajaji. Nikamwamkia, akaitikia, akanikabidhi kopo la unga wa ndizi mbichi. Dada akasema hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mama wiki nzima: kukata ndizi kwa mkono wa kushoto, akizikandamiza kwa uzito wa ule uliopooza, na kuzianika. Ukitaka kumsaidia, anagomba. Mkono uliopooza ulikuwa umechanwa na kisu mara mbili, wala hakuwa na habari.

"Koroga kwenye uji," mama akasema, maneno yakimtoka kwa shida. "Wiki hii tumbo limekusumbua?"

"Sana, mama," nikasema. "Bora umerudi."