Fundi wa Kushusha Magari Aliyelipandisha Lake

Pale gereji walimwita Mzee Chini. Usidhani ni kwa sababu ya ufupi. Mtu mwenyewe alikuwa mrefu wa kugonga kichwa kwenye kila fremu ya mlango. Jina lilitokana na kazi. Ukiwa na gari dogo lenye injini kali, ukatamani likae chini, litulie kwenye kona na lipendeze macho hata likiwa limesimama, mafundi wote wa mtaa ule walikuelekeza kwake, pamoja na wale waliokuwa wamenuniana naye.

Na kununiana naye kulikuwa rahisi. Hakuwa na subira na vijana waliotaka tumbo la gari lisugue lami. "Wewe unataka gari au unataka mkeka?" aliwauliza, na kijana akicheka alirudishiwa funguo zake. Kipimo chake kilikuwa vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Zaidi ya hapo gari linaning'inia, alisema, na chini ya hapo ni maonyesho tu. Alikuwa na sheria nyingine iliyomchekesha fundi rangi, rafiki yake wa banda la jirani: boliti za mikono ya magurudumu hazikazwi mpaka gari liwe limesimama kwa miguu yake. Mafundi wengi huzikaza gari likiwa bado juu ya jeki, maana wanawahi kula. Gari likiteremshwa, bushi za mpira zilizomo ndani ya mikono hiyo zinajisokota, na baada ya muda zinachanika. Mzee Chini aliliteremsha kwanza, akalikandamiza kila kona mpaka likakaa, ndipo akajiburuta chini yake kwa mgongo na spana mkononi, akikohoa vumbi na kulaani.

Gari lake mwenyewe lilikuwa jekundu, la milango mitatu, kisogo kimekatwa, turbo ndani. Alilishusha mwaka aliooa. Wakati ule hakuna aliyeuza springi fupi, basi alizing'oa zilizokuwamo na kuzikata kwa grenda, pete moja na kitu, huku akizimwagia maji ili chuma kisilegee kwa moto. Akatafuta na shokomzoba fupi, zile bomba za kuzuia gari lisirukeruke, kwa sababu springi iliyokatwa ikiwekwa na shokomzoba ndefu, siku gurudumu likidumbukia shimoni springi inachomoka mahali pake, na hapo kilichobaki ni kumwomba Mungu. Aliyeshika tepu ya kupimia alikuwa mkewe, mshonaji wa nguo, na tepu yenyewe ilitoka kwenye cherehani yake.

Miaka yote hiyo mkewe alikaa kiti cha kushoto wakati wa majaribio. Sikio lake lilikuwa kali kuliko la fundi. "Huku mbele kwangu kuna kitu kinagonga," alisema, na mumewe alibisha, akabisha tena, kisha akafungua gurudumu na kukuta kweli. Walipenda sana kuzunguka mji jioni za Jumapili bila safari yoyote. Gari liliingia kwenye kona bila kuinama, na yeye mama alicheka kwa sauti kila walipotoka upande wa pili. Watu waliokaa vibarazani walikuwa wakisema wale wawili hawana akili nzuri.

Kisha mama yule akaugua. Ugonjwa ulianzia kwenye titi, likakatwa, ikasemwa umekwisha, na haukuwa umekwisha. Ulihamia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari akaagiza apelekwe kupigwa mionzi kila wiki.

Siku ya kwanza walikwenda kwa gari lao. Mzee Chini hakufikiria mara mbili. Tangu lini walikwenda mahali kwa gari la mtu? Lakini barabara ya kwenda hospitali ina matuta utadhani aliyeyamwaga alikuwa na ugomvi na wenye magari, na lile gari jekundu lilikuwa limetengenezwa makusudi likueleze kila kokoto. Kumwingiza tu ilikuwa balaa: kiti kiko karibu na ardhi, mgongo haukunjiki. Njiani hakusema neno. Walipofika, mumewe alipofungua mlango, akaona ncha ya mtandio imelowa na kutoboka kwa meno. Akajua kwamba kila tuta alilolivuka kwa uangalifu, akijisifu moyoni kwamba amelivuka vizuri, mwenzake alikuwa akilitafuna.

Baada ya hapo walikwenda kwa teksi, gari kuukuu lililokufa kila kitu isipokuwa ulaini. Shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe, ambaye alikuja kukaa nao kusaidia na ambaye hakuwahi kumpa nafuu tangu siku ya posa, hakuiacha ile ipite.

"Shemeji, sifa zote hizi za mjini, mke unampakia kwenye gari la watu?"

"Nyamaza wewe."

"Ninyamaze nini? Si ndiyo fundi mwenyewe!"

Utani ulimwingia kama kawaida ya utani wa shemeji, ukapita. Kilichobaki ni maneno ya mkewe, aliyoyasema mchana mmoja akiwa amelala kwa ubavu, uso ukutani.

"Ile teksi ni nzuri, baba, sikatai. Ila dereva ananitazama kwenye kioo. Basi natabasamu njia nzima, nikifika taya zinauma kuliko mgongo. Ningekuwa kwenye gari letu ningelia nikachoka."

Hapo ndipo Mzee Chini alipoamua kulipandisha gari lake. Hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kumfikisha mkewe hospitali kwa mkono wake mwenyewe, bila maumivu, na kama maumivu yapo basi awe huru kupiga kelele.

Kushusha alikuzoea, kupandisha hakukujua. Springi za zamani hazikuwapo; alizikata kwa mikono yake, na chuma kilichokatwa hakirudi. Wateja wote aliwaambia waweke springi zao halisi juu ya dari, huwezi kujua ya kesho. Yeye mwenyewe hakuwa na cha kuweka darini. Siku ya mionzi ikakaribia, akafanya jambo ambalo kwa miaka mingi aliwatukania wengine. Alinunua mipira ya kupachika kati ya pete za springi. Ukiipachika, gari linainuka papo hapo, mwenyewe unafurahi. Lakini pete haziwezi tena kukutana, na springi isiyobonyea inakuwa ubao. Alijua. Angemfukuza kibarua aliyefanya vile. Akaipachika kwa haraka, akaomba, akajiambia kwamba ni safari moja tu.

Kwenye tuta la pili mkewe alipiga ukelele. Lilikuwa gari lao, alikuwa huru kulia, na alilia njia yote, na Mzee Chini akaendesha machozi yakimtiririka, shemeji nyuma akimshika dada yake mabega na kusema, "Simama, shemeji, simama basi." Kusimama kungesaidia nini? Nusu ya njia ilikuwa mbele na nusu nyuma. Jioni ile aliing'oa mipira akaitupa pipani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane fundi rangi alimwona amekaa chini bila kazi mkononi.

"Si ungeniuliza?" fundi rangi akasema.

"Ungenijibu nini?"

"Ningekwambia unachokijua."

Wakaanza kutafuta pamoja. Walizunguka kila yadi ya magari yaliyovunjwa, wakipinda shingo chini ya mabati yenye kutu. Wiki hizo mama alirudi kwenye teksi na tabasamu lake. Hatimaye wakalipata walilolitaka, gari la aina ileile lakini la kifamilia, lisilo na turbo, lililogongwa nyuma. Mbele lilikuwa zima. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, za kubebea mama na watoto na mboga. Za nyuma walizipata yadi nyingine, pamoja na shokomzoba ndefu. Mzee Chini alizishika zile springi akazibonyeza kifuani, na muuza vyuma akamtazama fundi rangi kuuliza kama huyu bwana ni mzima.

Kazi ile aliifanya peke yake, bila haraka. Alisafisha kila kikalio cha springi kwa brashi ya waya. Alibadilisha bushi zote. Aliliteremsha gari kwenye sakafu, akalikandamiza kona moja baada ya nyingine, akaingia chini na kukaza, na safari hii hakulaani. Alipotoka akasimama kulitazama. Lilikuwa limeinuka likawa na uwazi wa kuingiza ngumi juu ya matairi, linatisha kwa ubaya.

"Sasa ni gari la mwalimu mkuu," fundi rangi akasema.

Kijana mmoja aliyekuwa ameleta gari lake kushushwa aliliona, akacheka, akawaambia wenzake kwamba mzee ameikimbia kazi yake mwenyewe. Akaondoka na gari lake, na hakuwa yeye tu. Mzee Chini hakugeuza hata shingo. Alimpa fundi rangi usukani, yeye akaketi kiti cha kushoto, akajilegeza na kuegemea kama anavyoegemea mkewe, na wakavuka matuta yote ya barabara ya hospitali, kwenda na kurudi. Kwenye kona gari lililala upande kama meza mbovu. Kwenye matuta lilipanda na kushuka bila kishindo. "Tena," alisema kila walipomaliza. Fundi rangi alikwenda tena.

Siku ya mionzi mkewe aliingia bila kujikunja, kama mtu anayeketi kitini. Alitazama huku na huku.

"Mbona leo nawaona watu nyuso?" akasema. "Zamani nilikuwa nawaona viuno."

Shemeji akaangua kicheko. Wakaondoka. Tuta la kwanza likaja, Mzee Chini akapunguza mwendo, likapita. La pili likapita. Mkewe alikuwa ametoa mkono dirishani. Hakutabasamu kwa ajili ya mtu na hakulia. Alizungumza kuhusu kitambaa alichokiacha kwenye cherehani, kwamba mwenyewe asije akadhani kimeibwa. Walipofika getini ndipo alipogundua kwamba wamefika.

Safari hii hawakumlaza chini ya mashine. Walimpiga picha, wakaitazama muda mrefu, kisha muuguzi akamwambia shemeji amrudishe dada yake garini kwa kiti cha magurudumu. Daktari akamwita mume kando, kwenye korido, karibu na ndoo ya mfagizi.

"Baba, mionzi haimsaidii tena," akasema. Alikuwa kijana mpole, na ilionekana hakulipenda neno lake. "Umeenea. Hizi safari za kila wiki zinamuumiza tu. Mbakize nyumbani, muuguzi atakuwa anawaletea dawa ya maumivu."

"Haziumizi," Mzee Chini akasema.

"Najua ni vigumu kukubali, lakini mgongo ule, njia ile..."

"Haziumizi tena, daktari. Gari nimelipandisha."

Daktari akamtazama, hakuelewa.

"Nimeweka springi ndefu," Mzee Chini akaeleza. "Za gari la familia. Na shokomzoba zake. Muulize mwenyewe. Leo amekuja anaongea."

Daktari akamwekea mkono begani, akasema pole, akaitwa chumba kingine. Mzee Chini akabaki pale mpaka mfagizi alipomwomba apishe. Akatoka nje kwenye jua. Gari lilikuwa limesimama mbali, limeinuka kuliko yote ya upande ule, na mkewe ndani yake, kichwa kimeinuka, akimtazama anavyokuja. Aliingia, akafunga mlango, akatafuta ufunguo kwenye mfuko ambao haukuwa nao. Alitaka kusema.

"Baba," mkewe akamwahi, uso umechangamka kama ambavyo mumewe hakuwa ameuona tangu ugonjwa urudi. "Wiki ijayo tutoke mapema kidogo, tusikute foleni. Kwa gari hili wakitaka hata kila siku nakuja."

Kutoka kiti cha nyuma shemeji akasema, "Ehee, sasa umenena."

Mzee Chini akaupata ufunguo. Akasema, "Sawa, mama," akawasha gari.