Sinema Iliyowafunga Midomo

Marcelline Goubert hakuichukia ile sinema mara ya kwanza alipoiona, na hilo ndilo lililozidi kumkera baadaye. Aliketi kando ya mumewe, Achille, katika ukumbi wa sinema wa mtaa wao wa Batignolles, akamtazama yule jambazi wa makamo aliyechoka, mwenye koti lililomkaa sawasawa, akiwakatia marafiki zake mkate kwa adabu utadhani padri. Alimpenda. Kitu kimoja tu kilimtatiza: yale mashati meupe pe, nani aliyapiga pasi? Marcelline alikuwa mpiga pasi kwa dobi tangu usichana wake, na alijua kuwa shati halijinyooshi lenyewe.

Wanaume wa mtaa ndio waliopagawa. Achille na wenzake watatu, mafundi wa mapaa ya zinki, watu ambao hawajawahi kuiba hata yai, wakaanza kuinamisha kofia jichoni na kuongea kwa pembe ya mdomo. Mkahawani, wakicheza karata, Tisserand mfupi akaitwa Kisu, naye kisu chake kilikuwa cha kumenyea viazi. Katika sinema ile polisi wanamuuliza yule jambazi aliona nini rafiki yake alipouawa, naye anajibu, "Nilikuwa nawasha sigara." Hapo ukumbi mzima ulipiga makofi. Watu wanaotumwa kutwa nzima walikuwa wamemwona mwenzao akimnyima mkubwa neno, na raha ya jambo hilo haikuwaisha.

Basi asubuhi moja ya mwezi Machi mvua ilinyesha, na mchana Marcelline akampelekea mumewe chakula kazini. Alikuwa amesimama barabarani, supu mkononi bado ya moto, aliposikia Achille akiomba kamba ya kujifunga kwenye dohani. Bosi wao, Rambaud, akacheka.

"Kamba? We fundi au mbuzi? Panda bwana, mvua inarudi!"

Achille akapanda. Zinki ilikuwa inateleza kama sabuni. Aliangukia kwenye kibaraza cha ghorofa ya chini yake, na hicho ndicho kilichomwokoa roho. Nyonga ilivunjika, na daktari akasema kazi ya kupanda asahau.

Mkaguzi wa kazi akaja kuhoji. Alimwambia Marcelline wazi kwamba asipopatikana shahidi, Rambaud atasema fundi alikataa kamba mwenyewe, na mambo yataishia hapo. Marcelline aliona hiyo ni kazi ya wale waliokuwa juu na Achille, akawaachia waseme wao kwanza. Wale wenzake watatu wakaulizwa mmoja mmoja. Wote walikuwa wanawasha sigara. Hata Tisserand, ambaye akinusa moshi tu anakohoa mpaka machozi!

Marcelline alimfuata mkahawani, damu imemchemka.

"Wewe Tisserand, sigara umeanza lini?"

"Shemeji, usinikoroge. Mwanamume hachongei."

"Humchongei nani? Rambaud ni rafiki yako? Amekununulia hata kahawa siku moja?"

"Haya mambo ya kiume, shemeji. Nenda kamwangalie mgonjwa wako."

Wenzake wakaangua kicheko, wakarudi kwenye karata. Marcelline alitamani kuipindua ile meza. Wapumbavu! Yule wa kwenye sinema alinyamaza ili aende mwenyewe kumlipia rafiki kisasi. Hawa walimnyamazia bosi aliyemwangusha rafiki, halafu wakajiona majabari.

Lakini kilichomkata maini zaidi alikikuta nyumbani. Rambaud alikuwa amekuja na chupa ya konyaki, akaketi kando ya kitanda na kumwambia Achille kwamba watu kama yeye hawazaliwi tena. Alikuwa ameshaondoka, na mgonjwa bado alikuwa anatabasamu.

"Mkaguzi nimemwambia sikumbuki kitu," Achille alisema, kwa pembe ya mdomo.

"Hukumbuki? Mimi nilikuwa pale chini! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Ukisema, Marcelline, umeniaibisha mtaa mzima. Nitaitwa mume wa mchongezi."

"Na kesho akimpandisha Tisserand hivyo hivyo?"

Achille akageukia ukutani.

Siku iliyofuata Marcelline aliunguza kola ya shati la mteja kwa hasira. Alijua anachokwenda kumvua mumewe. Kazi imekwenda, mguu ndio huo; kilichombakia Achille ni kule kujiona dume la sinema. Alimhurumia, na huruma ile ikamwongezea hasira. Akavua aproni, akaenda ofisini kwa mkaguzi na kueleza yote, neno kwa neno, pamoja na lile la mbuzi.

Kabla wiki haijaisha, hapakuwa na fundi wa Rambaud aliyepanda bila kamba. Rambaud mwenyewe aliitwa mahakamani. Hakuna aliyemshukuru Marcelline. Tisserand alipomwona alivuka barabara, kamba bado imemzunguka kiuno.

Achille hakumsemesha. Alikuwa akiletewa sahani anageuza uso, anadokoa akishabaki peke yake. Jumapili Marcelline aliweka mezani viazi na nyama, akamsaidia kuketi, naye akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mchongezi."

"Ndiyo, ni mimi. Na mchongezi ndiye kapika. Kula, au mdomo wa kula nao umeufunga?"

Achille akachukua uma. Marcelline akaketi mbele yake naye akala, hasira bado haijamwisha.